Protini kwenye mkojo wa mbwa mwenye limfoma: ina maana hatadumu?

MamaChui, Tanga
Habari zenu wapendwa. Mbwa wangu Chui ana miaka 9. Wiki iliyopita nilikuwa namkuna chini ya taya nikagusa mitoki miwili, mikubwa kama ndimu. Mingine iko mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Daktari akavuta kwa sindano, maabara ikajibu: limfoma, yaani saratani ya mitoki. Mkojo nao ulionyesha protini, na kipimo cha uwiano wa protini na kriatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo) kikatoka 1.1. Nikaambiwa "figo zinavujisha", basi, akaingia mgonjwa mwingine. Tangu siku hiyo silali. Chui anakula vizuri, magari akiyasikia bado anakimbilia geti. Hajaanza dawa yoyote. Je, hiyo 1.1 ina maana hata nikimtibu hatafika mbali?

DaktariWaMifugo, Arusha
Pole sana dada. Kwanza namba yenyewe. Chini ya 0.2 ni kawaida, 0.2 hadi 0.5 ni mpakani, zaidi ya 0.5 ni protini nyingi kweli. Kwa hiyo 1.1 si ya kupuuza. Lakini mbwa wengi wenye limfoma hukutwa na protini kwenye mkojo, na mimi siwezi kuitumia peke yake kukutajia miezi.

Kinachonipa picha ya muda ni mambo mengine. Je, ni limfoma ya seli B au T, yaani imeanzia kwenye aina gani ya chembe nyeupe za damu? Ya T kwa kawaida ni mbaya zaidi. Kalsiamu ya damu imepanda? Mbwa ananyong'onyea, anatapika, anakonda? Chui wako anakula na kukimbia, na hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Mwenye seli B akipata dawa mseto za saratani, wastani ni kama mwaka mmoja. Kwa prednisoloni, dawa ya steroidi, peke yake ni mwezi mmoja au miwili.

Sasa, protini imetoka wapi? Uambukizi wa kibofu au damu kwenye mkojo huipandisha, kwa hiyo mkojo uangaliwe kwa darubini. Shinikizo la damu lipimwe. Na huku kwetu usisahau kupe! Erilikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, huvimbisha mitoki na kuvujisha protini vilevile. Mbwa anaweza kuwa nayo pamoja na limfoma, na hiyo ina dawa yake, doksisaiklini. Omba kipimo hicho.

Halafu nakusihi: usikubali prednisoloni kabla hujaamua matibabu. Huongeza protini kwenye mkojo, na ikitangulia peke yake inaweza kuzifanya dawa za saratani zisishike vizuri baadaye.

BabaKibo
Naongezea ya kwangu, mama. Wa kwetu alianza na 0.9. Alipewa benazeprili ya figo pamoja na matibabu ya saratani, akaishi miezi 10, na karibu yote ilikuwa mizuri. Kilichotutisha katikati ni mkojo mwekundu: siklofosfamidi, mojawapo ya dawa za saratani, ilikuwa imeunguza kibofu. Protini ikaruka juu wiki hiyo, tukadhani figo zimekufa, kumbe ni damu. Ukiona hivyo piga simu siku hiyohiyo.

Mkojo tulikinga kwa upawa msafi, alfajiri anapoinua mguu. Kipimo kirudiwe, mara moja haitoshi.

DaktariWaMifugo, Arusha
Kweli kabisa. Mara tatu ndani ya wiki mbili au zaidi ndipo tunasema protini ni ya kudumu. Ila usisubiri hizo wiki kuanza tiba, limfoma haisubiri. Chukua mkojo mmoja sasa kabla ya dawa, mingine ifuate.

MamaChui, Tanga
Asanteni kutoka moyoni. Leo asubuhi nimekinga mkojo, upo kwenye friji ndani ya kichupa. Nimepiga simu kuomba kipimo cha kupe, kalsiamu, na aina ya seli. Kupe nilimtoa wawili masikioni mwezi uliopita, na hakuna aliyeniuliza. Saa nane tunarudi kwa daktari. Chui amelala mlangoni, amekumbatia kandambili yangu.