Landrova 109: maji ya mvua magotini, nifunge na tyubu, ndala au silikoni?

Mkulima_Karatu:
Wakuu heshima kwenu. Nina landrova 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) siriz 3, injini ya petroli ile ya lita 2.25, mashine bado ngangari ila masika haya imekuwa kero, mvua ikikaza maji yanapita kwenye vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele yanamwagika moja kwa moja magotini, kiangazi nako vumbi linapita hapohapo. Raba zake zimekauka zinakatika vipande. Najua mpya zinatengenezwa mpaka leo huko Uingereza ila mambo ya kuagiza kwa sasa hapana. Mtaani nimeshauriwa tyubu ya baiskeli, ndala, au nijaze silikoni yaishe. Nani anayo kwenye gari lake ikakaa? Na mautundu mengine ya landrova za zamani yamwageni hapahapa.

gia_ya_nne:
Tyubu sahau mkuu. Ni nyembamba, haibonyei, na pale kinatakiwa kitu kinachobonyea kifuniko kikikaza. Watu wanaweka tabaka mbili tatu, jua likipiga gundi inaachia, unabaki na utambi unaning'inia barabarani.

Ndala ndiyo mpango mzima, tena hata ya zamani. Ile sponji yake hainyonyi maji. Usije ukaweka sponji ya godoro, ile inakunywa maji halafu inayatunza pale pale kwenye chuma. Na pale NI CHUMA, watu wanadhani landrova yote ni alumini kwa vile bodi haiozi, ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma, na ndio unaooza pamoja na chesisi. Kwa hiyo bandua raba yote ya zamani, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, ikikauka ndo ubandike kwa gundi ya mafundi viatu. Paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa hainati kidoleni, kisha bandika mara moja maana hairudi nyuma.

Mama_Siriz:
Gia ya nne umenena, ila silikoni msiitupe jamani, tatizo ni namna watu wanavyoiweka. Safisha mdomo wote wa tundu, kamulia silikoni mstari mmoja mnene kuzunguka bila kukatisha, juu yake laza nailoni nyepesi ya kufungia vyakula, halafu funga kifuniko TARATIBU mpaka kiguse tu, usikaze. Acha hadi kesho yake. Ukifungua unatoa nailoni, unakuta raba imejichonga yenyewe kufuata ule upindaupinda wa kifuniko. Landrova mbili haziko sawa, zile zilikuwa zinapigwa nyundo porini, ndala yenye unene mmoja haitaziba pale palipobonyea. Ndala ni ya haraka, hii ni ya mtu mwenye subira.

buda_wa_Nakuru:
Mama amesema ukweli. Kuna jamaa hapa kwetu aliweka silikoni bila hiyo nailoni, ikashikana yote, sasa anapikwa ndani ya gari mchana maana hizo ndio AC ya landrova, hakuna ingine.

Mimi kero yangu ilikuwa vioo vya kuteleza, vile vya milango ya mbele. Ile kitambaa ya kwenye mfereji inashika maji, inaota hadi majani kijani, kioo kinakwama. Nilikwaruza yote nikaweka vipande vya kapeti jembamba, nikatoboa vishimo chini maji yatoke, halafu nikasugua mshumaa. Kinateleza na kidole kimoja. Mambo ya simu pia, msinunue kishikio cha sumaku mkidhani kitashika mlangoni nje ama kwa bodi, alumini haishiki sumaku.

waya_mwekundu:
Kwenye simu mniruhusu. Chaja chukua moto kwenye betri kupitia fyuzi, fyuzi yenyewe iwe karibu na betri, siyo kule ndani. Msidokoe kwenye koili (ile inayopeleka moto kwenye plagi), nimekuta gereji bubu wanafanya hivyo. Na wenye siriz 2A (toleo lililotangulia siriz 3) za kabla ya 1967 waangalie kwanza, nyingi chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi, soketi ya chaja ya kawaida bati lake la nje ni hasi, likigusa bodi tu umepiga shoti. Siriz 3 haina hilo.

Mkulima_Karatu:
Shukrani sana wakuu. Basi upande wa abiria naweka ndala, wa kwangu silikoni ya mama, tuone. Sasa nitajuaje imeziba kabla mvua haijaja kunijulisha?

Mama_Siriz:
Chukua kipande cha gazeti, kiweke pembezoni, funga kifuniko juu yake uvute. Kikitoka kirahisi, hapo patavuja. Zunguka kote hivyo, hasa pembe za juu karibu na bawaba. Usiende kupima kwa mashine ya kuoshea magari, presha ile inapenya hata kwenye raba mpya. Tumia ndoo na kopo.

gia_ya_nne:
Na kabla ya kulaumu ndala kaza ule wenzo wa ndani wa kufungia kifuniko, wengi skrubu yake imelegea tu.