Margret Rumat Hassan alistahili kwenda Rio?

Njia_ya_Nne: Wakuu, tujadili hili. Olimpiki ya Rio 2016, Margret Rumat Hassan wa Sudan Kusini alikimbia mita 200 kwa karibu sekunde 27. Kiwango cha kufuzu kilikuwa 23.20, kwa hiyo alikwenda kwa nafasi ya mwaliko. Kuna mwanaume wa mita 200 aliyekuwa akiishi Australia, alilalamika hadharani kwamba nafasi ile aliahidiwa yeye. Nchi changa impeleke nani?

Kiprono_M: Sekunde 27? Huku kwetu binti wa sekondari anakupa muda huo kwenye mashindano ya shule. Olimpiki si sherehe za uhuru.

Binti_wa_Wau: Huyo binti wa sekondari ana mwalimu wa riadha na usiku analala. Margret ni wa mji wa Wau, kama mimi. Uhuru tuliupata Julai 2011, Desemba 2013 vita vikaanza. Nanjing 2014, kwenye Olimpiki ya vijana, alikimbia chini ya bendera ya Olimpiki kwa sababu kamati yetu ilikuwa haijatambuliwa; ilitambuliwa 2015. Julai 2016 risasi zinarindima Juba, Agosti yeye yuko Rio amevaa rangi zetu. Usimwite mtoto wa shule.

Kiprono_M: Pole dada, lakini vita haviongezi kasi. Guor Marial alivikimbia vita vya huko huko vya kabla ya uhuru, na London 2012 alikimbia marathoni bila hata kuwa na nchi ya kuiwakilisha. Alifuzu kwa muda wake mwenyewe.

MzeeKidete: Marial alikuwa anaishi Marekani, kijana. Kama unataka mfano, chukua Rose Nathike Lokonyen wa Kakuma, kambi ya wakimbizi huku Kenya, yule wa mita 800 aliyebeba bendera ya timu ya wakimbizi Rio hiyo hiyo. Timu nzima watu 10, watano Wasudan Kusini, na hao watano wote wamenolewa Ngong, karibu na Nairobi, kwa Tegla Loroupe, yule mkimbiaji wetu wa marathoni. Tuseme ukweli, Kenya ndiyo iliyowalea.

Binti_wa_Wau: Iliwalea? Mzee wangu, shikamoo, ila hilo neno limeniuma. Nimekaa Kakuma miaka sita. Mama yangu ndiye aliyenilea.

Kiprono_M: Hapo mzee hajakosea. Kambi imekuwepo tangu 1992, na ardhi ni ya Waturkana. Hata asante hakuna?

Binti_wa_Wau: Asante nimeshasema mara nyingi, na Waturkana nawaheshimu. Ninachokataa ni mtu kuja kudai medali ya ulezi.

Njia_ya_Nne: Jamani, mada ni nafasi ya mita 200.

MzeeKidete: Marahaba, mwanangu. Sikukusudia kukuumiza. Lakini Tegla aliwapa viatu na mwalimu wakati ambao hakuna mwingine aliyewatazama, hilo silifuti.

Amina_Spaiki: Mimi nipo na dada wa Wau. Lucia Moris, mkimbiaji wa Sudan Kusini aliyekuja baada ya Margret, alikaa Maebashi, Japani, tangu Novemba 2019 hadi michezo ya Tokyo iliyosogezwa 2021. Walimlisha na kumpa uwanja. Kwenye mita 200 akaumia katikati ya mbio, akaanguka, akatolewa kwa machela. Sijamsikia Mjapani hata mmoja akisema Lucia ni wao.

Kiprono_M: Na huyo naye alifuzu kwa muda gani?

Binti_wa_Wau: Kaka, wewe huna dada?