Land Rover Series III inakwaruza mbele: pampu ya maji, alteneta au cheini?

Chuma_Chakavu

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Land Rover Series III, 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli) ya 1976, petroli, 2286 cc. Kuna mlio upande wa feni. Asubuhi injini ikiwa ya baridi inakwaruza kama kinu kinachosaga karanga zenye mchanga, na nikipiga resi mlio unapanda nao. Ikipata moto unapungua lakini hauishi. Maji kwenye rejeta yanapungua kama kikombe kimoja kwa siku tatu, ila chini ya gari sioni dimbwi. Haijawahi kuchemsha, hata kwenye foleni ya Barabara ya Mandela hapa Dar.

Fundi wa kwanza kasema pampu, wa pili alteneta, wa tatu anataka kufungua cheini ya taimingi. Kabla sijapeleka hela Kariakoo, napimaje mwenyewe? Spana za inchi ninazo.

Bisibisi_Ndefu

Mkuu, hela ikae mfukoni kwanza. Kwenye injini hiyo mkanda mmoja ndio unaozungusha pampu, feni na alteneta, kwa hiyo ukiutoa umevinyamazisha vyote vitatu kwa mpigo. Kipimo cha kwanza ndicho hicho, na hakigharimu kitu.

Fanya asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Legeza bolti za alteneta, isukume kuelekea kwenye injini, toa mkanda. Washa, acha sailensa (injini ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta), sikiliza kwa nusu dakika kisha zima. Taa ya chaji itabaki inawaka, usishtuke. Dakika moja usiipite, kwa sababu pampu haizunguki na maji ya kwenye hedi yamesimama.

Mlio ukibaki vilevile bila mkanda, pampu na alteneta hazina kosa. Hapo yule wa cheini ana hoja. Kabla hujamkubalia, kanyaga krachi: mlio ukibadilika, angalia beringi ya krachi.

Mlio ukipotea, usiurudishe mkanda bado. Shika pala za feni, moja juu kabisa na nyingine chini kabisa, uvute na kusukuma kama unayepima beringi ya tairi. Feni yako imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya pampu, kwa hiyo pleyi (kuchezacheza) yoyote unayoisikia mkononi ni ya beringi ya pampu. Haitakiwi kuwepo hata kidogo. Kisha izungushe polepole kwa vidole viwili. Beringi nzima inateleza kimya, iliyokufa unaisikia vidoleni kama kuna punje za chumvi ndani, na mara nyingi inashika kidogo sehemu moja ya mzunguko. Fanya hivyohivyo kwa puli ya alteneta. Hii ukiizungusha kwa nguvu inatakiwa iendelee mizunguko michache yenyewe, na mkwaruzo mwepesi wa brashi za kaboni zilizo ndani yake ni wa kawaida.

Zikague na bolti nne za feni, na uangalie kila pala kwenye shina lake. Bolti iliyolegea inagonga kama beringi. Pala iliyopinda au yenye ufa inaitikisa shafti kila mzunguko, na pampu mpya utakayofunga haitafika mbali.

MamaRejeta

Bisibisi kamaliza habari ya kelele, mimi naona kile kikombe cha maji. Kinaeleza mengi kuliko mlio.

Chini ya shingo ya pampu, kati ya puli na mwili wake, kuna kitundu kidogo. Tia tochi na kioo cha mkono uangalie. Ukiona mchirizi wa kutu, au ukoko mweupe au wa kijani, sili inayozuia maji yasipite kwenye shafti imeshaachia. Dimbwi huwezi kulikuta: gari ikitembea tone linapeperushwa na feni na kukauka juu ya injini, na ikiwa ya moto sili inatanuka na kubana kidogo. Ndiyo maana wengi wanatafuta kwenye hosi na mpira wa hita miezi miwili.

Kitundu hicho kimewekwa makusudi ili maji yanayopita sili yatoke nje kabla ya kufika kwenye beringi. Sasa utakuta kimezibwa na tope, au mjanja fulani kakijaza gundi ya chuma "kuzuia kuvuja". Maji yanakosa pa kutokea, yanaingia kwenye beringi, yanasafisha grisi yote, ndipo kelele inaanza. Kwa mpangilio huo sili hufa kwanza na beringi hufuata. Kwako dalili zote mbili zipo.

Mtu asikushauri kumimina oili kwenye hicho kitundu. Beringi hiyo imefungwa kiwandani pamoja na shafti yake, haipokei grisi wala oili. Utanyamazisha siku mbili na kuharibu mpira wa sili.

Mkanda nao usiuache bila kuupima. Injini ikiwa sailensa, nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda kwa chupa ya mpulizo. Mlio ukinyamaza sekunde chache halafu ukarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Ukizidi, mkanda umelegea. Usipobadilika kabisa, ni beringi. Simama pembeni ya feni, usisimame mbele yake, na kanzu, tai au ncha ya mtandio iwe mbali.

Chuma_Chakavu

Majibu ya asubuhi hii: bila mkanda injini imetulia kabisa. Alteneta inazunguka safi. Feni ina pleyi, ndogo lakini ipo, na kuna sehemu moja inashika. Kitundu kina ukoko wa rangi ya kahawia, nimetoa tope kwa waya. Krachi haibadilishi kitu.

Sasa: ninunue mpya au nipeleke hii kwa mafundi wa Gerezani ifanyiwe beringi na sili? Maji ninayotumia ni ya kisima cha nyumbani.

Bisibisi_Ndefu

Basi ni pampu, mjadala wa cheini umefungwa. Usiiendeshe mbali tena. Pleyi ikizidi, feni inasogea mbele na kula rejeta, na rejeta ya 109 kuipata ni kazi kuliko pampu.

Kuhusu Gerezani: inawezekana kama mashine ya kubonyeza ipo na fundi anapima. Mwambie kabla hajang'oa chochote apime kwa venia (kipimo cha milimita) umbali wa kitako cha puli kutoka kwenye uso wa gasketi, na kina cha pangaboi la ndani (lile linalosukuma maji), aandike. Akirudisha kwa kukisia, pangaboi litakwaruza nyumba yake, au litakaa mbali na lisisukume maji, gari ianze kuchemsha ukilaumu rejeta. Kama hilo pangaboi limeliwa na kutu kingo zimekuwa kama biskuti iliyolowa, usipoteze muda, nunua mpya. Nenda na ya zamani mkononi. Linganisha urefu wa shingo, matundu ya bolti na kitako cha puli. Izungushe palepale kaunta, isikwaruze. Zinazofanana kwa macho zipo nyingi.

Kutoa: mwaga maji kwa koki ya chini ya rejeta na ile ya kwenye bloku, la sivyo nusu yanabaki. Toa kava la feni na uweke kadibodi mbele ya mapezi ya rejeta. Nafasi ikibana, toa na rejeta yenyewe. Bolti za pampu hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la pampu kwenye kadibodi nyingine na uchomeke kila bolti mahali pake. Hili usilipuuze: ndefu ukiipeleka kwenye tundu fupi inagota kabla ya kubana, nawe utazidi kukaza mpaka ikatike. Zilizoshika kutu mwagia mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi, kisha nenda mbele nyuma robo robo.

Futa gasketi ya zamani yote bila kukwangua chuma. Mpya ipake gundi nyembamba pande zote mbili. Silikoni ya kumwaga kama dawa ya meno acha, inayofinywa kuelekea ndani inakatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana fupi.

MamaRejeta

Kisima umekitaja mwenyewe, nami nilikuwa nakisubiri. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi inakula pangaboi, na ule ukoko unapanda kwenye uso wa sili, ambao ni kaboni laini inayosuguana na pete ngumu. Ukoko unausugua kama msasa. Kufunga pampu mpya na kurudishia maji yaleyale ni kununua nyingine mapema.

Suuza mfumo kwa maji safi mpaka yatoke meupe, ukiwa umefungua na hita. Mfumo wako unabeba lita 10 hivi. Kulanti nzito (isiyochanganywa na maji) tia lita 3.5, zilizobaki maji yasiyo na chumvi: ya mvua yaliyochujwa, au yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri. Angalia chupa, maana dukani zinakaa jirani na za asidi na wengine wanaziita zote "maji ya betri". Kulanti iliyoandikwa tayari kutumika usiiongeze maji. Baridi ya kugandisha maji hatuna, lakini kulanti tunaihitaji kwa ile dawa ya kutu iliyomo ndani yake.

Mfuniko wa rejeta nao uangalie. Ya Toyota zilizojaa madukani zimeandikwa presha ya 0.9 au 1.1. Mfumo wa Series ulitengenezwa kwa presha ndogo kuliko hiyo, na sili na viungo vya rejeta ndivyo vitakavyoumia.

Na fundi akikwambia tupa themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) "gari ipoe", kataa. Kuna mpira mfupi unaorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na themostati isipokuwepo, sehemu ya maji inapita njia hiyo ya mkato muda wote.

Chuma_Chakavu

Nimewaelewa. Mkanda niukaze kiasi gani? Huu wa sasa nikiubonyeza hausogei kabisa.

Bisibisi_Ndefu

Hapo umepata muuaji wa pili. Ukibonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli ya krenki na ya pampu, ushuke kama sentimita 1. Ukiwa kama waya wa gitaa unaivuta shafti upande mmoja masaa yote. Weka mkanda mpya, tembea siku mbili tatu, uupime tena injini ikiwa baridi, kwa sababu mpya unatanuka. Ukiukaza, vuta alteneta kwa mkono, au kwa kipande cha mbao upande wa mbele wenye puli. Nondo mgongoni mwa alteneta inapasua kava lake.