Kuangalia wenzako renji ni kukosa adabu au kawaida tu?

MgeniWaLeni:
Wakuu habari za muda huu. Nimeanza kwenda renji, uwanja wa kulenga shabaha, si muda mrefu, bastola ya kawaida tu ya milimita 9, na kulenga kwenyewe naona kunakuja taratibu ila kinachonisumbua ni watu. Ukikaa kwenye leni yako ukakodolea karatasi yako tu unaonekana unaringa, ukigeuka kumcheki jirani anavyoshika silaha yake unajihisi kama umechungulia dirishani kwa watu. Kuna jamaa alikuwa pembeni yangu ana raifo ya boliti, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, na darubini juu, anapiga polepole mno, kati ya risasi na risasi katulia kama kasinzia, na matundu yake yamebanana mpaka yanagusana. Nilitamani kumuuliza ila sikujua naanzaje wala saa ngapi. Halafu upande wa pili kuna mwingine sijamuuliza kitu, kila nikimaliza magazini (kile kibweta cha risasi) ananifundisha, mara shika hivi, mara simama vile. Sasa naomba kujua kuangalia ni ruksa? mtu unamsemesha wakati gani? na huyu mwalimu asiyeitwa namjibuje bila kugombana?

MzeeWaMtutu:
Kuangalia ruksa kabisa na mimi nakwambia ni lazima. Nikifika kabla hata sijafungua begi nasimama nyuma ya mstari nawaangalia waliopo, ila siangalii sura wala aina ya bunduki, naangalia mikono. Mtutu unaelekea wapi, kidole kiko nje ya triga au kimeshaingia ndani, na akitaka kuongea na mwenzake anaweka silaha chini au anageuka nayo. Huyo wa kugeuka nayo mimi sikai leni ya jirani, nahama kimyakimya na namwambia msimamizi.

Kuhusu kuongea, subiri mstari usitishwe, yaani wote waache kupiga. Pale msimamizi akitangaza watu wanatoa magazini, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, inafunguliwa ibaki wazi, wengine wanachomeka kile kibendera cha plastiki kuonyesha haina kitu, silaha zinalala mezani na watu wote wanarudi nyuma. Wengine wanakwenda mbele kubadilisha karatasi, na wakiwa huko HAKUNA kugusa silaha, hata kurekebisha darubini, hata kuifuta vumbi. Hapo una dakika kadhaa za kupiga stori na hakuna atakayekuona msumbufu. Lakini mtu shavu liko kwenye kitako cha bunduki, usimsemeshe na usimguse bega hata kwa nia njema, kwanza ana kinga masikioni hakusikii vizuri, pili akishtuka atakugeukia na mtutu unakuja naye.

BintiShabaha:
Mzee kamaliza hapo, mi naongezea la mwalimu asiyeitwa maana sisi wanawake tunawapata kwa wingi, yaani unaweza kuwa unapiga vizuri kuliko yeye na bado anakuja kukurekebisha mabega 😂 Jibu langu ni moja, "asante kaka, leo nina zoezi langu nalifuata", halafu narudi kwenye karatasi. Wengi wanaelewa. Asiyeelewa mwite msimamizi, ndiyo kazi yake.

Ila MgeniWaLeni usitupe kila kitu anachosema. Kama unatumia mkono wa kulia na risasi zako zinaangukia chini kushoto, kila mtu renji atakwambia unaogopa mshindo, yaani ule msukumo wa silaha ikirudi nyuma, na mara nyingi ni kweli, ila huna haja ya kumwamini mtu. Mwombe rafiki akujazie magazini achanganye na risasi bandia humohumo bila wewe kujua zimekaa wapi. Ukifika kwenye ya bandia hakuna mlio hakuna mshindo, halafu unashangaa mtutu umeinama wenyewe kama unasalimia. Ni mikono yako hiyo imeusukuma chini kujiandaa na mshindo usiokuja. Nani atabisha hapo.

NipoKimya:
Mi naona mnakuza mambo, nimekuja kupiga shabaha sikuja kutafuta marafiki. Navaa vizibo ndani ya sikio na kinga kubwa juu yake, mlio wa bunduki unavuka desibeli 140 na ndani ya jengo ndiyo balaa zaidi, sasa mtu anataka nivue anisimulie bastola aliyoiona kwenye video. Kila mtu na leni yake jamani

MzeeWaMtutu:
NipoKimya hujakosea kutaka utulivu, na kinga usivue kwa ajili ya stori ya mtu. Lakini fikiria jirani yako kapiga, badala ya mlio wa kawaida imetoka "pufu" dhaifu. Inawezekana baruti ilikuwa kidogo au haikuwepo na risasi imekwama katikati ya mtutu, na yeye na kinga zake mbili kama wewe hajagundua, anafikiri silaha imegoma tu, anakoki tena. Akifyatua ya pili nyuma ya ile iliyokwama mtutu unaweza kupasuka. Hapo utapiga kelele "SITISHA" kwa sauti yako yote, hujuani naye wala hujamsalimia tangu asubuhi. Na mtu yeyote anaruhusiwa kusitisha mstari, si msimamizi peke yake.

NipoKimya:
Hilo nakubali. Basi na mimi niseme langu, mwenye raifo yenye kile kipunguza mshindo mdomoni mwa mtutu akae leni ya mwisho kama ipo. Yeye bega lake linapumzika ila upepo na kelele vyote vinatoka pembeni vinanipiga mimi usoni.

BintiShabaha:
😂😂 kumbe unaongea. Na maganda ya risasi ya moto je? Bastola nyingi zinatupa kulia, likiingia kwenye kola ya mtu anaanza kucheza ngoma na silaha iko mkononi. Mgeni vaa shati lililofunga shingo na kofia, na ganda likikuingia vumilia, weka silaha mezani mtutu mbele, NDIYO ucheze.

MgeniWaLeni:
Asanteni sana aisee. Na huyo wa raifo akinikaribisha nipige?

MzeeWaMtutu:
Kubali. Asikukabidhi mpaka afungue boliti akuonyeshe chemba, na wewe angalia tena mwenyewe hata kama umeona anaangalia, hakuna anayekasirika kwa hilo. Piga chache maana risasi ni zake. Jicho usilibandike kwenye kioo cha darubini, acha nafasi ya kama vidole vinne, ikirudi nyuma itakuchana juu ya nyusi.

Ganda_Tupu:
Samahani nimeingia katikati, mi nina kero nyingine, kuna mtu kila nikipiga anaokota maganda yangu miguuni kwangu na mimi huyajaza upya mwenyewe nyumbani niyatumie tena. Ni haki yake?

MzeeWaMtutu:
Kwanza soma masharti ya renji, kwingine kilichoanguka sakafuni ni cha renji. Kama hakuna sharti hilo mwambie tu mstari ukisitishwa, huenda anafikiri umeyatupa, wenye bastola wengi hawana habari nayo. Au tandika turubai dogo upande yanakorukia, likiwa hapo hata haulizi.