Nyumba ya mama Mkomani tunataka kuuza, dalali anasema tupige simenti kwanza. Nipeni ushauri

MwanaMkomani: Assalam aleikum jamani. Sisi ndugu wanne, marehemu mama ametuachia nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani huko Amu (mji wa Lamu), tumekubaliana tuuze kila mtu ashike lake. Mimi niko Mombasa, wawili wako Nairobi, dada mkubwa ndiye anakaa humo mpaka leo. Shida ni kuta. Kule msana (ukumbi wa uwanjani) plasta imevimba, ukiigusa inabanduka na unga mweupe unabaki mkononi, na chumba cha ndani boriti mbili zimekuwa nyeusi pale zinapoingia ukutani. Dalali amekuja akasema tupige simenti nyumba nzima, rangi ya mafuta nyeupe juu, tuvunje zidaka (vishubaka vya ukutani) tutie choo cha kukaa, halafu ule mlango wa nakshi kuna mtu wake ataununua peke yake. Dada hataki hata kusikia habari ya mlango. Mimi naona dalali ndiye anajua soko, ila pesa ya kumwaga hatuna. Tuanzie wapi?

FundiLangoni: Waaleikum salaam. Ndugu yangu simenti usitie!! Huo unga ni chumvi, nyumba zetu chini hazina kitu cha kuzuia maji, unyevu unapanda toka ardhini, jiwe la matumbawe linaunywa na chokaa inauachia utoke, sasa ukifunga na simenti na rangi ya mafuta unyevu utakwenda wapi? Unapanda juu zaidi. Mvua moja tu rangi inatoka malengelenge, na mnunuzi mwenye akili haji peke yake, anakuja na fundi anagonga ukuta kwa vidole akisikia mtupu bei inashuka hapo hapo. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, mara nyingi ni bomba la choo au mlizamu (mfereji wa maji ya mvua) wa darini umeziba. Ukishaziba hapo bandua plasta mbovu yote jiwe lionekane, piga brashi kavu, usioshe, acha ukuta ukauke vizuri wakati wa kaskazi ndio upige chokaa na mchanga, na mchanga usiwe wa ufuoni maana unarudisha chumvi ile ile. Boriti chukua bisibisi uchome ule mwisho wa ukutani, ikizama kama kwenye boflo (mkate) badilisha, ikigoma ni moshi na uzee tu.

BabuWaGati: Huyo dalali anataka kuwatia matatani. Mji wa kale wa Amu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, huvunji ukuta zidaka zikaondoka bila kuuliza ofisi ya Makavazi (makumbusho ya taifa) na kaunti. Na mlango ndio kabisa, sheria ya Makavazi ya 2006 inataja milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946, sio kitu cha kung'oa usiku ukapakia jahazini. Halafu nyumba ya Mkomani bila mlango wake mnunuzi ananunua nini? Dada yenu mwachieni aseme, ana haki.

Saida_Shela: Mimi napingana na fundi kidogo. Wanaonunua hizi nyumba wengi wanataka kukarabati wenyewe kwa ladha yao, ukimalizia kila kitu unalipia kazi wataibomoa. Ziba maji, safisha, toa mizigo, basi. Zile godoro kuukuu, masanduku, feni mbovu darini, na paka wasilale jikoni maana harufu ndio kitu cha kwanza anachokutana nacho mtu akivuka daka (baraza ya mlangoni). Picha piga saa nne asubuhi jua likiwa limeingia uwanja wa ndani, madirisha yote wazi, usipige na flashi.

FundiLangoni: @Saida_Shela hapo sikatai, ila ukuta ukiuacha wazi bila kueleza watu wanafikiri unaanguka. Aandike kabisa unyevu ulitoka wapi na umezibwa lini, apige picha ya bomba.

Wakili_Mtaani: Nyote mnazungumzia plasta, karatasi je? Mama alipofariki mlikwenda kwa Kadhi mkapata mgao? Warithi wote wanne lazima watie sahihi, wale wawili wa Nairobi pia. Fanya search (uliza ofisi ya ardhi hati iko kwa jina la nani), lipa rates (kodi ya ardhi) za kaunti. Kodi ya faida kwa muuzaji tangu Januari 2023 ni 15% ya faida, kwa hivyo risiti za fundi, chokaa na hata za punda wa kubeba mchanga weka zote. Stamp duty (ushuru wa stempu) ni ya mnunuzi. Na akija mgeni, katiba ya 2010 inampa lease (umiliki wa kukodi) isiyozidi miaka 99, msije mkamuahidi zaidi.

MwanaMkomani: Shukran sana wote. Dalali nimemwambia asubiri, amekasirika kidogo. @Wakili_Mtaani kwa Kadhi hatujaenda, na nimempigia dada atoe hati sandukuni anisomee, kumbe jina lililopo ni la babu mzaa mama, si la mama.

Wakili_Mtaani: Sasa weka brashi chini. Babu alikuwa na watoto wangapi?

MwanaMkomani: Sita. Mmoja alihamia Zanzibar zamani.

Wakili_Mtaani: Basi muuzaji si nyinyi wanne peke yenu, ni warithi wote wa babu. Anza kwa Kadhi na urithi wa babu, huyo wa Zanzibar au watoto wake nao waitwe. Fundi azibe bomba tu kwa sasa, nyumba isizidi kuoza mkiwa mnatafutana.