Spoku ya sita ya baiskeli yangu imekatika tangu Februari, na bado naambiwa tatizo ni mwili wangu

Wadau, nina hasira na sitaificha. Leo asubuhi nikitoka Kisian kuelekea Kisumu mjini nimesikia tena ule mlio wa spoku kukatika, ta! Gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, rimu ikasugua breki. Nimesukuma baiskeli hadi Otonglo juani, kazini nikafika saa nne.

Nina kilo 112. Begi langu na kufuli ni kama kilo nane. Haya yote niliyasema dukani nilipoenda kununua magurudumu mapya, kabla ya kutoa pesa. Nilimtajia muuzaji kilo zangu, nikamweleza njia ninayopita pamoja na matuta yake, kisha nikamuuliza kama magurudumu yale yatanibeba. Akasema, "Mkubwa, hii rimu ni ngumu, hata gunia mbili inabeba." Nikalipa shilingi 7,800.

Wiki ya tatu spoku ya kwanza ikakatika. Nikarudi. Muuzaji yule yule, mbele ya wateja, akaniambia: "Sasa wewe pia ni mzito mkubwa. Punguza mwili kidogo." Kilo hizo alizijua tangu siku ya kwanza! Kama magurudumu hayafai mtu wa kilo 112, kwa nini alichukua pesa?

Jambo la mwili wangu nalijibu mara moja. Bodaboda zilianza Busia miaka ya 1960, na zilianza kwa baiskeli, zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Dereva, abiria na furushi lake ni zaidi ya kilo 130, tena kwenye njia ya vumbi. Hesabuni spoku za baiskeli ya Black Mamba ya zamani, ile ya muundo wa Kiingereza: mbele 32, nyuma 40. Nyuma zimezidi kwa sababu huko ndiko uzito mwingi unakokaa. Mimi nilipofika nyumbani nikahesabu zangu, nyuma ziko 28. Rimu ndefu nyeusi inayong'aa ilinifumba macho dukani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini hata hizo 28 hazikufungwa vizuri. Fundi aliyenibadilishia ya tatu alizibana mbili mbili kwa vidole, akanionyesha: za upande wa kushoto zilikuwa zimelegea kabisa. Gurudumu lilitoka kiwandani likauzwa vilevile, hakuna aliyelishika na spana. Na huko ndiko spoku zinakofia. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyo chini inapungua mkazo, halafu inarudi. Ikiwa imekazwa vyema, haifikii kulegea. Ikiwa imelegea, inachezacheza pale kwenye kona yake ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, inapinda na kunyooka, hadi chuma kinachoka. Kwa kilomita moja gurudumu kama langu linazunguka zaidi ya mara 450. Zangu zote sita zimekatikia pale pale kwenye kona, nne zikiwa upande wa gia, ambako fundi lazima afungue friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo, kwanza ndipo aibadilishe. Kila safari ni pesa nyingine.

Wenzangu wenye miili mikubwa, msinunue kwa kuangalia rangi. Hesabuni spoku, nyuma zisipungue 36. Bana spoku za upande mmoja mbili mbili, zikilegea mkononi mwako acha hapo au umlipe fundi azikaze zote upya kabla hujapanda. Kazi hiyo irudiwe baada ya wiki mbili tatu za kuendesha. Tairi nayo iwe nene, milimita 40 na zaidi kama fremu inaruhusu, kwa sababu ile nyembamba inapeleka kila shimo moja kwa moja kwenye rimu. Na kama gia zako saba zimefungwa kwenye friwili ya kuskrubu, chunguza ekseli: upande huo beringi inakaa mbali na fremu, kwa hiyo ekseli hupinda upesi chini ya mtu mzito. Yangu imeshaanza.

Jumamosi narudi dukani na gurudumu, spoku zote sita kwenye mfuko, na risiti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema wazi: mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ya bidhaa na akategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo lazima iifae kazi hiyo. Nilimweleza. Sitaki spoku ya bure wala pole, nataka shilingi 7,800 zangu.

Nani anamjua fundi wa Kisumu, Kakamega au hata Nakuru anayesuka gurudumu la spoku 36 kwa mkono na kulikaza mwenyewe? Niandikieni hapa na bei yake. Nitapanda matatu hadi huko nikiwa nimebeba habu.