Naomba ushauri: kuonyesha jeni za vimelea vya malaria kwenye ramani

Wakuu, habari za muda huu. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, natumia data za wazi za MalariaGEN (mtandao wa watafiti wa jeni za malaria), toleo la Pf7: sampuli zaidi ya 20,000 za kimelea cha malaria Plasmodium falciparum kutoka nchi 33. Nataka ramani ambayo hata mganga mkuu wa wilaya akiitupia jicho ataielewa.

Nimeanza na jeni ya kelch13, ambayo baadhi ya mabadiliko yake hufanya dawa ya artemisinini ichelewe kuua vimelea. Kila nchi nimeipa duara lenye vipande vya rangi. Shida ni kwamba nchi yenye sampuli chache inaonekana sawa na yenye mamia. Nikifuatisha ukubwa wa duara na idadi ya sampuli, Kambodia na majirani zake wanafunikana, husomi kitu.

Halafu R561H, badiliko mojawapo la kelch13 lililoonekana Rwanda na kwetu Kagera, data zake nimezichukua kwenye tafiti nyingine. Je, ni halali kulichora pamoja na C580Y, badiliko jingine la kelch13 la Kambodia, wakati ukusanyaji ulikuwa tofauti? Msimamizi anasema niweke tu. Mimi moyo unasita.

La mwisho: mtu mmoja huku kwetu anaweza kubeba aina kadhaa za vimelea kwa mpigo. Sampuli za hivyo mnazihesabuje? Kuzitupa naona ni kuitupa nusu ya habari ya Afrika.

Natumia Python, R naijua kidogo. Mwenye mfano wa msimbo (code) anisaidie tafadhali.